Namba 2147483647: mwongozo kamili wa kuithibitisha kwa kaye na biki

Jumanne tarehe 19 Januari 2038, alfajiri saa kumi na moja na dakika kumi na nne na sekunde saba kwa saa za Bukavu, kompyuta za zamani ambazo hazijarekebishwa zitafika mwisho wa kuhesabu sekunde. Zinahesabu tangu mwanzo wa mwaka 1970, na nafasi iliyotengewa hesabu hiyo haiwezi kubeba zaidi ya sekunde 2147483647. Sekunde moja baadaye zitajikuta Desemba 1901.

Mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa sita, math-physique (mkondo wa hisabati na fizikia), aliikuta habari hiyo kwenye simu, akaniletea Jumamosi moja ya marudio hapa Ibanda. Mwaka 2038 haukumshughulisha hata kidogo. “Prof, hii namba nimeijaribu kwa tatu, tano, saba, hata kumi na tatu. Inakataa.” Nikamwambia itakataa siku zote, ni namba tasa: haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Akanitazama. “Na wewe umejuaje?”

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimesoma tu mahali. Mwalimu anayejibu “nimesoma mahali” mbele ya vijana wanaojiandaa kwa mtihani wa serikali atakuwa amejimaliza mwenyewe, basi tukachukua chaki tukaifanya kazi. Walikuwa kumi na wawili. Njia tuliyopita ndiyo hii, nimeiondolea makosa yetu yote isipokuwa moja ambalo lina faida kulijua.

Andaa kaye, yaani daftari, ya miraba, biki mbili, na simu yenye kikokotoo kinachoonyesha tarakimu kumi au zaidi. Zile mashini ndogo za tarakimu nane hazitakufaa. Namba yetu yenyewe haienei kwenye kioo chake.

Hatua ya kwanza: itafutie jina lake fupi

Usiishambulie namba kubwa kabla hujajua imezaliwa wapi. Hii ukiiongeza moja unapata 2147483648. Gawa kwa mbili, gawa tena kwa mbili, endelea: utagawa mara 31 bila baki na utaishia kwenye 1. Kwa hiyo namba yetu ni 2^31 − 1, yaani mbili ikizidishwa yenyewe mara 31, ukatoa moja.

Kama unataka kuijenga badala ya kuibomoa, kariri kwamba 2^10 ni 1024. Zidisha 1024 kwa 1024 upate 1048576, ambayo ni 2^20. Zidisha tena kwa 1024 upate 1073741824, ambayo ni 2^30. Mara mbili yake, toa moja, umefika. Hiyo 1024 usiisahau, tutaitumia mpaka ichoke.

Namba za sura hii huitwa namba za Mersenne, kwa jina la mtawa Mfaransa Marin Mersenne. Mwaka 1644 alitoa orodha ya vipeo (kipeo ni ile namba ya juu, kama 31 kwenye 2^31) ambavyo, kwa maoni yake, huzaa namba tasa. Alipatia 31, akakosea 67 na 257, akaruka 61, 89 na 107. Kosa la 67 lilidumu zaidi ya miaka mia mbili. Vigawo vyake vilionyeshwa wazi mwaka 1903, Mmarekani Frank Nelson Cole alipoandika kwamba 2^67 − 1 ni 193707721 mara 761838257287.

Kipeo chenyewe lazima kiwe tasa. Kikiwa 6, ambacho ni 2 mara 3, basi 2^6 − 1 = 63 itagawanyika kwa 2^2 − 1 = 3 na kwa 2^3 − 1 = 7. Hapo 31 imepita. Lakini kupita hapo hakutoshi: 11 ni tasa, na 2^11 − 1 = 2047 ni 23 mara 89. Hii 2047 iweke pembeni kama kipimo. Njia yoyote utakayoibuni, ijaribu kwanza juu yake. Ikikwambia 2047 ni tasa, njia hiyo ni mbovu.

Hatua ya pili: weka mpaka

Namba ikigawanyika, kigawo kimoja kati ya viwili hakizidi mzizi wake wa mraba. Hesabu: 46340 mara 46340 ni 2147395600, na 46341 mara 46341 ni 2147488281. Mzizi wetu uko katikati ya hapo, kwa hiyo hakuna haja ya kupita 46340.

Namba tasa zilizo chini ya mpaka huo ni 4792. Ukigawa hamsini kwa siku, bila Jumapili, ni kazi ya zaidi ya miezi mitatu. Wanafunzi walinuna. Mmoja akapendekeza tumwachie Mungu.

Hatua ya tatu: uliza kigawo kingekuwa na sura gani

Hapa ndipo penye utamu wote, usipite mbio.

Tuanze na saa. Ukiondoka Bukavu saa nane mchana na safari ikachukua saa saba, utafika saa tatu usiku. Hakuna anayesema saa kumi na tano. Ukivuka kumi na mbili unaanza upya. Sasa chukua kigawo tunachokishuku, tukiite q, na ufikirie saa yenye alama q badala ya kumi na mbili. Kila hesabu tunayoifanya, tunabaki na kile tu kinachozidi, yaani baki.

Anza na 1, zidisha kwa 2, zidisha tena kwa 2, na kila mara soma mshale uko wapi kwenye saa hiyo. Utazunguka, na kuna hatua ambapo utarudi kwenye 1. Hatua hizo tuziite d. Kuanzia hapo utarudi kwenye 1 kila baada ya hatua d, kama soko linalokaa kwa zamu yake.

Ikiwa q inagawa 2^31 − 1, maana yake 2^31 inaacha baki 1. Basi hatua ya 31 ni siku ya soko, na 31 ni lazima igawanyike kwa d. Lakini 31 ni tasa, kwa hiyo d ni 1 au 31. Haiwezi kuwa 1, kwa sababu hapo 2 yenyewe ingeacha baki 1, jambo lisilowezekana kwa q iliyo kubwa kuliko moja. Basi d ni 31 kamili.

Leta sasa kanuni ya mwanahisabati Fermat ya mwaka 1640: kwenye saa ya namba tasa q, isiyokuwa mbili, hatua ya q − 1 nayo humrudisha 2 kwenye 1. Nayo ni siku ya soko. Kwa hiyo q − 1 inagawanyika kwa 31. Na kwa kuwa q ni witiri, q − 1 ni shufwa, hivyo inagawanyika kwa 62. Kila kigawo tasa cha namba yetu, kama kipo, ni 62 mara kitu fulani, ongeza moja. Tatu, tano, saba na kumi na tatu alizozijaribu yule kijana zilikuwa jasho la bure tangu mwanzo.

Kuna chujio la pili. Ikiwa 2^31 inaacha 1, basi 2^32 inaacha 2. Na 2^32 ni mraba wa 2^16, yaani mraba wa 65536. Kwa hiyo kwenye saa ya q, namba 2 ina mzizi wa mraba. Inajulikana kwamba hilo hutokea tu kwenye namba tasa ambazo, ukizigawa kwa 8, zinaacha baki 1 au 7. Ikumbuke hiyo 65536, itarudi kututembelea.

Unganisha machujio mawili. Kinachobaki ni namba za sura mbili tu: 248 mara k ongeza 1, na 248 mara k ongeza 63. Jaribu kwanza kwa kipimo chetu: vigawo vya 2047 ni 23 na 89. Kwa kipeo 11 vinatakiwa viache baki 1 kwa 22, na viache 1 au 7 kwa 8. Gawa mwenyewe uone. Vyote viwili vinatii.

Njia hii ndiyo aliyopita Leonhard Euler. Tangazo lake kwamba 2^31 − 1 ni tasa lilitoka mwaka 1772, alipokuwa St. Petersburg, macho yake karibu yamekufa kabisa. Nilipowaambia hilo, manung’uniko kuhusu umeme uliokuwa umekatika jioni ile yalipungua.

Hatua ya nne: andika orodha, kisha ipunguze

Sura ya kwanza inaanza 249, 497, 745, 993, 1241, 1489. Ya pili inaanza 311, 559, 807, 1055, 1303 (nimeacha 63 yenyewe, kwani ni 7 mara 9). Hadi kufika mpakani unapata namba 372.

Nyingi kati ya hizo si tasa, na kigawo kisicho tasa hakina haja ya kujaribiwa. Kata zinazoishia na 5. Jumlisha tarakimu ukate zinazogawanyika kwa 3. Kisha 7, 11, 13 na kuendelea. Kwa mfano 249 ni 3 mara 83, 497 ni 7 mara 71, 559 ni 13 mara 43, 1241 ni 17 mara 73. Ya mwisho kabisa, 46191, inaanguka kwa 3 bila hata kutoa biki mfukoni. Ukimaliza unabaki na karibu themanini. Kutoka 4792 hadi themanini, na bado hatujagawa kitu.

Kazi ya kukata ni ya kuchosha, na ndiyo penye hatari: ukikata namba ambayo kumbe ni tasa, uthibitisho wote umetoboka. Mpe mtu mmoja akate, mwingine akague.

Hatua ya tano: gawa, lakini kwa njia ya mkato

Ya kwanza ni 311. Ukigawa moja kwa moja, 311 mara 6905092 ni 2147483612, baki 35. Imekataa.

Namba zikikua, kugawa hivyo kunachosha na ni rahisi kupotea. Ita 1024. Tuseme tunajaribu 1489. Kwenye saa ya 1489, namba 1024 iko hatua 465 nyuma ya mwanzo, kwa hiyo tuiandike −465. Hiyo ni 2^10. Kwa 2^20 tunachukua mraba: 465 mara 465 ni 216225; toa 1489 mara 145, ambayo ni 215905, inabaki 320. Kwa 2^30 tunazidisha 320 kwa −465, tunapata −148800. Ongeza 1489 mara 100, inabaki 100 kamili. Basi 2^31 ni 200, na 2^31 − 1 inaacha 199. Imekataa. Zidisho mbili, kuzidisha kwa 2 mara moja, umemaliza, wala hukugusa namba yenye tarakimu kumi.

Fanya 1303 mwenyewe. Jibu ni baki 226. Ukipata kingine, angalia alama ya kutoa. Huwa ndiyo mkosaji.

Neno moja kuhusu simu: usisome baki kwenye nukta. Simu inaandika 6905092.1125 na kitu, wewe chukua sehemu nzima tu, irudishe kwa kuizidisha kwa 311, kisha utoe. Nukta hupunguzwa mwishoni na huwezi kujua kilichotupwa.

Wanafunzi kumi na wawili, namba saba saba au chini kidogo kwa kila mmoja. Tulimaliza kabla giza halijaingia. Hakuna hata moja iliyoacha sifuri, na hivyo 2147483647 ni tasa. Yule kijana ndiye aliyeandika “umejuaje” ubaoni, akaikata kwa mstari.

Hatua ya sita, kwa asiyetaka kutafuta vigawo: mtihani wa Lucas

Mfaransa Édouard Lucas, mnamo mwaka 1876, aligundua njia isiyohitaji kigawo hata kimoja, na Mmarekani Derrick Henry Lehmer akainyoosha mwaka 1930. Anza na 4. Chukua mraba, toa 2, chukua baki kwa namba unayoijaribu. Rudia. Kwa kipeo p unarudia mara p − 2. Ukiishia sifuri, namba ni tasa. Usipoishia sifuri, si tasa.

Jaribu 127, ambayo ni 2^7 − 1, mara tano. Na kuna siri: kupata baki kwa 127 huna haja ya kugawa kwa 127. Gawa kwa 128, kisha jumlisha jibu na baki lake. Sababu yake ni ndogo: kila mafungu ya 128 ni 127 na moja inayodondoka, nawe unaziokota hizo zilizodondoka.

Basi: 4. Mraba wake kutoa 2 ni 14. Kisha 194, ambayo ni fungu 1 la 128 na baki 66, jumla 67. Mraba wa 67 kutoa 2 ni 4487: mafungu 35 na baki 7, jumla 42. Kisha 1762: mafungu 13 na baki 98, jumla 111. Kisha 12319: mafungu 96 na baki 31, jumla 127, yaani sifuri. Tasa.

Ukifanya vivyo hivyo kwa 2047, mara tisa, unaishia 1736. Si sifuri, na kweli si tasa. Ajabu ni kwamba njia hii inakwambia inagawanyika bila kukwambia inagawanyika kwa namba ipi.

Kwa namba yetu ni mara 29: 4, 14, 194, 37634, 1416317954, na kuendelea. Kosa nililoahidi liko hapa. Wanafunzi wawili walitumia kikokotoo cha simu. Mraba wa 1416317954 una tarakimu kumi na tisa. Simu ikaandika 2.00595 na vinginevyo, kisha E18, na zile za mwisho ikazitupa. Wao wakaendelea tu. Baada ya hatua 29 hawakupata sifuri, darasa likashangilia: Euler amekosea! Furaha ilidumu kama dakika kumi. Tarakimu zilizotupwa ndizo zinazobeba baki, kwa hiyo hapa tumia karatasi, au programu inayoshika namba nzima bila kupunguza. Kwa Python, lugha ya kuandikia programu, mstari wa kurudia ni huu:

s = (s*s - 2) % 2147483647

Ukichapisha kila hatua, tazama ile ya kabla ya mwisho. Ni 65536. Mraba wake kutoa 2 ni 4294967294, mara mbili ya namba yetu hasa. Ndiyo ile ile ya hatua ya tatu, imerudi.

Ukishaithibitisha, ina nini tena?

Ya kwanza ni ya haraka. Izidishe kwa 2^30, unapata 2305843008139952128, namba kamilifu: jumla ya vigawo vyake vyote vilivyo vidogo kuliko yenyewe inarudi kuwa hiyo hiyo, kama 6 ambayo ni 1 na 2 na 3. Euklide, Mgiriki wa kale, alijua kwamba kila namba tasa ya sura hii inazaa namba kamilifu.

Ya pili inatufaa darasani. Tuliona kwamba kwenye saa ya 2147483647, namba 2 inarudi kwenye 1 baada ya hatua 31 tu. Mvivu. Namba 7 ni kinyume chake: ukianza na 1 ukazidisha kwa 7 kila mara, utatua kwenye kila namba kutoka 1 hadi 2147483646, kila moja mara moja, ndipo urudi nyumbani. Kuhakikisha, vunja 2147483646: ni 2 × 3 × 3 × 7 × 11 × 31 × 151 × 331. Igawe kwa kila moja ya hizo tasa saba, tumia jibu kama kipeo cha 7, na uone kwamba hakuna inayoacha 1. Na kwa kuwa 5 haimo kwenye orodha hiyo, 7^5, yaani 16807, nayo inazunguka kote. Mwaka 1988 Park na Miller waliipendekeza hiyo 16807 kwa kompyuta zinazotaka kupiga kura za bahati.

Mimi naitumia kuchagua nani aende ubaoni. Anza na 1: inakuja 16807, kisha 282475249, kisha 1622650073. Gawa kila moja kwa 12, mabaki ni 7, 1, 5. Hao ndio watatu wa kwanza, na baki likiwa sifuri ni zamu ya wa kumi na mbili. Hakuna anayelalamika kwamba Prof anamwonea. Usifiche nywila kwa njia hii, lakini: anayeiona namba moja anaijua inayofuata.

Mwingereza Peter Barlow aliandika mwaka 1811 kwamba huenda hakuna atakayewahi kupata namba kamilifu kubwa kuliko ile inayozaliwa na namba yetu, kwa kuwa hazina faida. Oktoba 2024 ilitangazwa 2^136279841 − 1, yenye tarakimu 41024320.

Ukitaka ya kujipima, chukua 2^61 − 1, aliyoithibitisha padri Mrusi Ivan Pervushin mwaka 1883. Usijaribu kugawa, hata baada ya machujio yote mawili, orodha ina zaidi ya namba milioni sita. Ni Lucas tu, hatua 59, kila moja ikiwa mraba wa namba inayofika tarakimu kumi na tisa. Yule kijana ameshaianza kwa mkono. Jumamosi iliyopita alikuwa hatua ya kumi na nne, na amenunua kaye ya pili.